Sauti ya Immaculée, Uso wa Solange

Jumatatu, 3 Februari 1992
Magodoro ya ukutani ya kuzuia kelele yamelowa tena. Mvua ya mtaa wetu wa Nyamirambo haina heshima kwa studio. Shemeji Gaspard kayaanika juu ya paa. Mtaa mzima sasa unaamini tunalaza vikojozi. Tulianza kurekodi saa tisa. Immaculée alikuja kutoka kwenye cherehani yake, akaimba wimbo mzima mara moja, bila kosa. Miaka miwili tangu niache ualimu, natoa kaseti za watu wasiojua kuimba. Huyu anajua.

Jumatano, 5 Februari
Picha ya jalada. Kovu la Immaculée, la mafuta ya moto yaliyomuunguza utotoni, limeshika shavu zima. Mpiga picha alimgeuza kushoto. Kulia. Mwishowe akamwambia atazame ukuta. Gaspard alicheka. Nami nilicheka. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumamosi, 8 Februari
Nimeamua. Jalada litakuwa na uso wa Solange, mpwa wa Gaspard. Mzuri kupita kiasi. Akiimba, mbwa wanaitika. Immaculée sijamwambia. Woga tu.

Jumanne, 18 Februari
Kaseti inapigwa kila baa. Immaculée aliiona sokoni. Akaja nayo, akaiweka mezani.
"Mwalimu, huyu anayeimba kwa koo langu ni nani?"
Nikamwambia watu hununua kwa macho.
"Na wewe, Mwalimu, siku ile ulinisikia kwa macho?"
Nikamwahidi kwamba Jumapili ataimba jukwaani, kwa jina lake. Niliahidi ili aondoke.

Jumapili, 23 Februari
Onyesho la mchana. Ukumbi ulijaa. Watu wamechoka na habari za vita, walitaka kucheka. Solange alikuwa anafumbua na kufumba mdomo mbele, kaseti inaimba nyuma ya pazia. Immaculée alikaa karibu nami, gauni jipya kajishonea mwenyewe, anasubiri ahadi yangu.

Wimbo wa pili, mashine ikatafuna utepe. Kaseti ikanguruma kinywani mwa Solange kama mzee mlevi. Kicheko. Akakimbia. Nikamsukuma Immaculée: nenda, tuokoe.

Aliimba. Sauti ileile. Bora zaidi.

"Mtoe huyo! Anamwiga Solange!"
"Mrudishe mwenye wimbo!"

Maganda ya ndizi yakaruka. Maikrofoni ya pili ilikuwa mkononi mwangu. Sentensi moja ya kweli ingetosha. Nikasema: "Mtuwie radhi. Huyu ni mwanafunzi wa Solange, bado anajifunza." Wakapiga makofi. Immaculée alinitazama, akamaliza ubeti, akashuka.

Jumatatu, 24 Februari
Kaseti zimekwisha madukani. Gaspard anapiga miluzi tangu asubuhi. Wauza duka wanataka kaseti nyingine ya Solange. Mimi ni mwoga na mwongo. Sikula.

Alhamisi, 12 Machi
Nilikwenda anakoshona. Alikuwa na sare za shule, rundo zima. Nikamwambia nitatangaza ukweli, popote atakapo.
"Acha, Mwalimu. Watasema nimeiba sauti ya mtu."
Nikamuuliza kama ataimba tena. Alinipa ncha ya kitambaa nishike, kivutike vizuri. Nikashika. Mkasi ulikwenda polepole kuelekea kwangu, kwa mstari ulionyooka. Alipofika mwisho alisema asante, akatandika kitambaa kingine.