Faili la Bi Gwen Limesahihishwa

Bi Gwen mpenzi,

Tumeshinda. Nilitaka uwe wa kwanza kuambiwa, ndiyo maana nakuandikia ingawa ni mwezi wa tatu tangu tukuzike.

Unakumbuka asubuhi zetu pale nyumba ya wazee, mjini Gaithersburg huku ughaibuni, nikikukausha nywele huku ukinihesabia lugha yako na ndugu zake kwa vidole? Cymraeg kwanza, ambayo wengine wanaiita Kiwelshi. Kisha Kiayalandi, Kigaeli cha Uskoti, Kimanksi, Kikonwali. Ukifika Kibretoni ulikunja kidole, kwa kuwa Ufaransa haijakipa hadhi rasmi. "Lakini Cymraeg kwetu Wales ni rasmi," ulisema, kidevu juu. Nikakujibu kwamba Kiswahili kwetu kinaingia hadi bungeni. Ukanipa mkono, tukawa kama mabalozi wawili.

Halafu ugonjwa ukakunyang'anya Kiingereza, ukabaki na Cymraeg peke yake. Nesi Njoki, yule Mkenya anayemwita kila bibi shosho, akasema, "Shosho ameanza kuropoka tena." Akaandika kwenye faili: amechanganyikiwa. Wakakupa dawa ya kutuliza.

Bi Gwen, ulikuwa unaomba maji. Dŵr. Neno hilo ulinifundisha mwenyewe. Nilikuletea kikombe, ukanywa chote, lakini sikuthubutu kulipinga lile faili. Niliogopa kufukuzwa kazi. Nisamehe.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa meneja. Nilimwambia kwamba kwao mama huyu lugha yake inalindwa na sheria, na sisi tulimlaza kwa dawa kwa sababu ya kuisema. Njoki alikuwepo. Nilidhani atanicheka. Akasema, "Ni ukweli. Mimi ndiye niliandika."

Jumatatu fomu mpya zilifika. Mara tu baada ya jina, tunaandika lugha ya mzee, kama anavyoiita mwenyewe, na nani aitwe kumsikiliza. Faili lako nalo limefunguliwa tena. "Alizungumza Cymraeg. Alieleweka." Njoki ameandika kwa mkono wake, kisha akaniambia, "Haya, wewe na shosho wako mmenimaliza."

Jana aliletwa mzee Mkongo kutoka mji wa Lanham. Karatasi za hospitali zilisema hazungumzi. Nilimwamkia kwa Kiswahili, na mpaka namaliza zamu alikuwa hajanyamaza.

Pumzika sasa, Bi Gwen. Sitaogopa tena. Yeyote atakayeletwa kwenye zamu yangu, kabla sijamuuliza anaumwa wapi, nitamuuliza mama yake alimwimbia kwa lugha gani.

Wako,
Mwanaidi