Viti Vitupu Nyumbani kwa Shemeji Nafula

Alhamisi, Kinoo. Baridi ya Julai imelalia mabati tangu asubuhi, na ukungu umemeza barabara ya Waiyaki Way mpaka unasikia magari bila kuyaona. Afadhali. Leo sitaki kuonekana.

Nina aibu. Mimi, ambaye marehemu mke wangu alisema nilizaliwa bila hicho kiungo.

Nafula ni mjane wa ndugu yangu. Kwetu magharibi shemeji ni mtu wa kutaniwa. Siku nisipomtania anauliza nani amekufa. Mwaka jana alitokwa na uvimbe mweusi chini ya wayo. Tulidhani ni kiatu, kumbe ni saratani ya ngozi. Walikata, ikarudi, ikapanda mguu kama siafu.

Ndipo hospitali moja mjini ikamwingiza kwenye dawa ambayo bado inajaribiwa. Nilimsindikiza. Daktari, kijana ambaye ndevu bado zinamwomba ruhusa, alitueleza polepole kwa sababu aliona shule yangu iliishia njiani. Wanachukua kile kirusi kinacholeta malengelenge ya mdomoni, wanakikata ukali, halafu wanakidunga ndani ya uvimbe wenyewe. Kikiingia kwa seli za saratani kinazaana humo mpaka zinapasuka, na mwili ukisikia zile kelele unaamka kupigana. Akasema pale palipodungwa pafunikwe, pasiguswe na mkono mtupu. Kula pamoja na kusalimiana, hakuna shida.

Nafula akishadungwa hutetemeka kwa homa siku moja mbili, halafu anainuka kufua nguo. Na vile vivimbe vimeanza kunywea.

Nimeviona kwa macho yangu.

Sasa Jumapili iliyopita baada ya misa, watu wakinywa chai nje ya kanisa, Nafula alikuwa anapitisha vikombe. Nikaona nafasi. Nikasema kwa sauti, "Chungeni hicho kikombe. Shemeji yangu amelipa nauli kwenda mjini kutafuta ugonjwa, na daktari amempimia wa kumtosha na wa kugawia marafiki."

Watu walicheka. Yeye pia alicheka, akanichapa na kitambaa cha vyombo. Nikaongeza chumvi: ni ule wa midomo, wanaume wajihadhari. Nilirudi nyumbani nikijiona bingwa.

Lakini utani wa mashemeji una ua wake. Mimi na Nafula tunajua pa kucheka na pa kuamini. Jirani zetu wa hapa hawakulelewa ndani ya ua huo. Mdomo ulicheka, sikio likabeba habari.

Jana ilikuwa zamu ya Nafula. Jumuiya yetu ya kanisa husali nyumba kwa nyumba kila Jumatano, na mwenye nyumba hupika. Alikuwa amepika chapati na ndengu, akaazima viti vya plastiki kanisani na kuvipanga mpaka mlangoni. Nilifika wa kwanza.

Nilikuwa pia wa mwisho.

Tulingoja. Chai ikaota ngozi. Halafu tukasikia wimbo wa kuanzia ibada, ng'ambo ya ua, nyumbani kwa Mama Wairimu, mwenyekiti wa jumuiya. Walikuwa wamehamia huko bila kumwambia.

Nafula alifunika chapati. Hakulia, hakunitukana. Alisema tu, "Nikiwa na uvimbe nilikuwa na watu, shemeji. Dawa imeninyang'anya watu. Jumatatu sirudi kudungwa."



Asubuhi ya leo nimeenda kwa Mama Wairimu, nikamkuta akikata mboga ya sukuma. Nikamweleza kila kitu vile daktari alisema, na kwamba yale mengine niliyapika mwenyewe. Alinisikiliza bila kuinua kisu.

"Baba Wafula," akasema, "wewe ndiye uliniambia padri anatafuta mke, nikakosa usingizi. Leo nitajuaje hii ndiyo ya kweli?"

Nilitoka hapo nikiwa mfupi kuliko nilivyoingia.

Nikarudi kwa Nafula kuomba msamaha. Alikuwa anapanga vile viti kimoja juu ya kingine, avirudishe. Akaniambia msamaha wa chumbani haumsaidii. Jumapili wakati wa matangazo nisimame mbele ya watu wote, niseme dawa inafanya nini, na niseme ni mimi niliyeharibu.

"Na akicheka mtu hata mmoja," akasema, "Jumatatu sipandi gari."

Nimejaribu mbele ya kioo. Nikifika pale kirusi kinazaana ndani ya seli, ulimi unaanza kutafuta mlango wa mzaha. Nafunga mdomo, naanza upya. Mara ya mwisho nimemaliza yote bila doa, kwa sauti ya mtu mzima.

Maneno sasa ninayo. Shida ni kwamba watu wa kanisa letu huanza kucheka wakiniona nikisimama tu, kabla sijasema kitu.

Nimewazoesha hivyo mwenyewe, miaka yote hii. Jumapili nitawazuiaje?