Mkono wa kwanza kwa mchoro wa Lynn

Wawira, uko? Siamini. SIAMINI.

Mkutano wa kuchagua mchoro mpya wa bustani na jeti ya kuegesha boti hapa ziwani umeisha saa hii. Lynn ameshinda! Huyu Lynn wetu wa koleji, mwenye nilikuwa namchongea penseli.

Mimi nimechora viti, taa, hadi maua. Akaniuliza na ile sauti yake tamu, "Na viboko wakitoka majini usiku watapitia wapi?"

Watu wakacheka. Mimi mzaliwa wa hapa, nimesahau viboko! Yeye wa Section 58, mtu wa mjini Nakuru, amewaachia njia.

Chifu akauliza nani anaunga mkono mchoro wa Lynn. Mkono wa kwanza juu? Mama yangu.

Wawira, mama YANGU.

Na sasa ati Lynn hawezi kurudi Nakuru bila kula. Nimetumwa nishike kuku.