Mikono Tuliyoinua Kanisani

Umoja, Nairobi
Juni 1981

Kwa dada yangu mpendwa Khavere,

Kabla hujaendelea, nakusihi utoke sebuleni ukae mahali pa peke yako. Usimsomee shemeji wala mama neno hata moja la barua hii. Ukimaliza, itie motoni. Ikijulikana nimeandika, sijui nitakwenda wapi.

Baada ya ombi hilo, nakusalimu sana. Natumai umepata nguvu baada ya kujifungua, na mtoto ananyonya vizuri. Je, mvua imewaruhusu kupalilia mahindi? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi sina.

Unakumbuka nilivyofurahi kupata ukarani kwa wale madaktari wa utafiti waliokodi chumba nyuma ya kanisa letu. Wanajaribu sindano mpya ya kifua kwa watoto wa chekechea, wale ambao mama zao hushinda mtaa wa Baba Dogo wakitafuta kibarua viwandani. Sheria yao inasema mtoto hachomwi mpaka mzazi akubali. Nilitembea nyumba kwa nyumba nikiuliza. Akina mama walinikaribisha chai, wakasema watafikiri, na hawakuja. Daktari Phares, mkubwa wetu, akauliza kama nimeajiriwa kunywa chai.

Ndipo nikamshauri tutangaze kanisani Jumapili, baada ya sadaka, na anayekubali ainue mkono. Dada, unatujua. Nani atabaki ameshusha mkono mbele ya mchungaji na majirani? Mikono iliinuka yote kama wakati wa kuombewa. Daktari alinisifu, akasema nina akili.

Sasa mwalimu wa chekechea, Bi. Waringa, analalamika kwamba watoto wamekuwa wakaidi. Akiwaita darasani, wengine wanaendelea tu kucheza, na amewachapa. Nilikwenda kutazama. Nikasimama nyuma ya binti wa jirani yetu Ndindi, nikapiga makofi. Hakugeuka.

Nilimweleza daktari. Alisema ni uchafu wa masikio tu, na sindano lazima ziishe ndipo matokeo yawe kamili. Niliposema tuwaambie wazazi, alifunga mlango, akaniuliza taratibu ni nani aliyewaita watu wale kanisani, yeye au mimi. Juzi Ndindi mwenyewe alinisimamisha mferejini tukiteka maji, akasema bintiye siku hizi ana maringo ya mke wa chifu, haitiki mpaka abembelezwe. Akacheka. Mungu anisamehe, nami nilicheka. Kila nikishika njia ya kwenda kumwambia, narudi nyumbani.

Dada, nimezunguka sana kwa sababu naogopa kufika hapa. Jumapili ile, nilipomaliza kutangaza, mama mmoja aliuliza kwa sauti kutoka viti vya nyuma: na huyo kijana wa karani, naye atachomwa, au sindano ni za watoto wetu tu? Watu wakaangua kicheko. Ulikuwa umeniachia mwanao Patrobas asome huku, na kanisa zima lilikuwa linanitazama. Nikainua mkono. Sikukuuliza. Alikuwa na mafua tu.

Patrobas hasikii tena, isipokuwa nikisema karibu kabisa na sikio la kushoto. Nimemzuia asiende kuchomwa. Daktari ametuma watu kumchukua, na anasema mwenye ruhusa ya kumtoa katika utafiti ni mama mzazi peke yake. Siku ya kumwingiza hakumtafuta mama mzazi. Nilimpeleka kwa siri kwa daktari mwingine, mtaani Eastleigh. Alisema sindano zikome, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba uje umkatalie daktari kwa kinywa chako, maana mimi hawanisikilizi, na wale wengine bado wanachomwa. Wasalimie wote kana kwamba nimeandika salamu tu, na umbusu mtoto mchanga.

Usiandike kwa anwani ya ofisi, wala usifike kanisani. Ukishuka Umoja, uliza fundi viatu anayeitwa Mzee Gichuru, mwambie umemletea Mirriam mahindi. Atakupa ufunguo, kwa kuwa mchana namfungia Patrobas ndani wasimkute. Usipige hodi. Fungua, uzunguke mbele yake akuone kwanza, ndipo umguse.

Mdogo wako,
Mirriam