Sifuri Halisi na Mibuni ya Mama

Kilema, Jumatano, Julai 2007. Ukungu tangu asubuhi, na miguu yangu haijapata joto hata sasa. Naandika kwenye karatasi. Jumamosi nikishuka Moshi mjini nitayaweka humu bloguni.

Jana jioni wifi yangu, mke wa kaka Prosper, alikuja na jani la isale mkononi. Huku mlimani mtu akikutumia isale anakuomba msamaha, na kulikataa ni kujitafutia laana. Nililipokea, nikaliweka mezani, nikamwambia nitafikiri. Tangu lini isale likafikiriwa? Wifi aliondoka bila kumaliza chai.

Kaka aling'oa mibuni ya mama. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, kila mtu alikuwa anang'oa, naye akapanda nyanya. Lakini mama alikuwa hajamaliza mwaka kaburini, na mimi sikuulizwa. Tangu hapo tukikutana kanisani natazama viatu vyangu.

Niseme kweli: nilimchukia.

Leo nilikuwa nafundisha Kidato cha Tatu somo la jotoridi. Kipimajoto chetu cha msaada ni cha Farenhaiti, kikasoma hamsini na tano, na darasa zima limejikunyata ndani ya masweta. Nikawaeleza kwamba sifuri ya Selsiasi ni pale maji yanapoganda, ya Farenhaiti iko chini zaidi, na zote mbili ni alama tu walizochagua watu. Ukishuka hadi nyuzi hasi 273.15 za Selsiasi, yaani hasi 459.67 za Farenhaiti, ndipo ilipo sifuri halisi. Kelvini inaanza kuhesabu hapo, ndiyo maana haina hasi. Chini ya hapo hakuna baridi nyingine, na hakuna aliyewahi kupafikia.

Upendo, binti asiyechoka kuuliza, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ina maana hata barafu ya Kibo ina joto?"

"Inalo. Kwa Kelvini ni zaidi ya mia mbili."

"Sasa wazungu wanaopanda huko juu wanabeba makoti ya nini?"

Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka. Kisha nikageukia ubao nikafuta mahali palipokuwa safi, maana machozi yalinilengalenga. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba kati yangu na kaka hakijabaki kitu. Nilipimia sifuri ipi? Asiyenijali asingetuma isale. Na mimi kama simjali, usiku kucha nilikuwa nageukageuka kitandani kwa ajili ya nani?

Baada ya vipindi sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa kaka, nikamkuta anakatakata mgomba wa kulishia ng'ombe. Aliponiona alisimama na panga mkononi. Mdogo ndiye huanza, na neno hilo nimemnyima kwa miaka.

"Shikamoo, kaka."

Hasira bado ninayo, sijidanganyi. Zile nyanya nilizipita nimezikunjia uso. Lakini "marahaba" yake ilitoka haraka mno, hata sijafunga mdomo. Akaweka panga chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akakosa pa kuipeleka.

"Umekula?" akaniuliza.

Sikuwa nimekula tangu jana.