Mama wa Kitambaa Cheupe

Lusaka, 3 Februari 2025

Mama mupenzi,

Muko muzima? Na mugongo? Mimi niko muzima.

Nimemupatia dereva Goodson picha moja, muitunze. Mwalimu Thelma anatufundisha kuchora nyuso kwa rangi ya maji. Tunaiga picha za zamani kutoka kitabu. Huyu ni mama wa Ulaya, mufuaji wa nguo, alikufa zamani sana. Kitambaa chake cha kichwa sikukipaka rangi. Ule weupe ni karatasi yenyewe. Hapa chumbani tunalala wengi, picha itaharibika. Mwisho wa Mei Mwalimu ataangalia kazi zetu, achague wenye kuendelea na masomo.

Mutoto wenu,
Orpha

Kafutuma, 16 Februari

Mwanangu Orpha,

Nakusalimia katika jina la Yesu. Unakula? Usiku unajifunika? Mugongo unauma kidogo, lakini ninalima.

Picha imefika. Ah, huyu mama ananiangalia kila pahali ninaenda! Nimemutundika pale moshi wa samaki haufiki sana. Lakini mbona hacheki? Na mutu mwenye alikufa, si mubaya kumurudishia macho? Nimemuombea.

Mama yako

Lusaka, 28 Aprili

Mama mupenzi,

Pasaka ilikuwa muzuri? Sasa naomba picha. Mumupe Goodson, muiviringishe polepole.

Mutoto wenu, Orpha

Lusaka, 8 Mei

Mama,

Goodson amefika mikono mitupu. Anasema mulimuambia "wiki ijayo", mukafunga mulango. Muko mugonjwa? Niambieni ukweli.

Orpha

Kafutuma, 11 Mei

Orpha, mwanangu,

Sijui hata nikusalimie namna gani. Si ugonjwa. Bon, ni hivi.

Juma ya Pasaka bageni walikuwa wanakuja. Nikaona moshi umemukalia huyu mama usoni. Nikasema, mutu hapokei bageni na uso muchafu. Nikachukua maji na kitambaa, nikamunawisha, kama vile nilikuwa nakunawisha wewe. Mashavu yakashuka na maji, pua, mudomo, yote! Nilipiga kelele, Rosaria wa jirani akaja mbio na fimbo, alifikiri nyoka.

Kimebaki tu kile kitambaa chake cha kichwa, cheupe kabisa. Nakutumia ile karatasi yake. Masomo yako yakikatika kwa sababu yangu, sitajisamehe. Nijibu, hata neno moja.

Mama yako

Kafutuma, 2 Juni

Orpha,

Goodson amepita mara mbili, hana barua. Nitukane basi, lakini andika.

Mama yako

Lusaka, 15 Juni

Mama mupenzi,

Musamaha. Nilikasirika, nililia, tena muda ulikuwa mufupi. Kitabu kilikuwa kimerudishwa kwa mwenyewe, hakuna tena cha kuiga. Nikachukua karatasi yenu, nikajaza uso mupya chini ya kile kitambaa, kwa kukumbuka tu. Macho yakatoka ya kwenu, Mama. Na ile alama yenu ya moto kidevuni.

Mwalimu Thelma akauliza, "Huyu si mufuaji wetu. Ni nani?"

Nikasema, "Ni yule mwenye alimunawisha."

Nikamusimulia yote, alicheka mupaka akakaa chini. Ninaendelea na masomo, Mama! Picha anawaletea Goodson, ni yenu sasa.

Mutoto wenu,
Orpha

Kafutuma, 29 Juni

Mwanangu Orpha,

Mungu asifiwe! Unakula? Mimi, hata mugongo nimeusahau.

Picha imefika, nimejitundika mwenyewe ukutani, mbali na moshi. Maji siyasogezi. Lakini umeniletea maneno. Jana Rosaria alichungulia mulangoni, ndani giza, mimi niko nyuma ya nyumba na samaki, sikusikia, batu ndio wamenisimulia. Akaona kile kitambaa cheupe, akasalimia, "Mwapoleni, mama Orpha!" Kimya. Akarudia. Kimya. Akaondoka akisema, "Sababu mutoto anasoma Lusaka, sasa hasalimie tena batu!"

Leo nimemuita, nimemuonyesha. Ameangalia, ameangalia tena. Samaki zangu amezikataa. Anasema hapokei kitu mupaka yule wa ukutani aombe musamaha.

Mama yako, wa hapa chini