Fumua Shali ya Baba

Pipeline, Embakasi
Nairobi

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku orofa ya sita. Jua la Januari halituingii ndani, maana nyumba ya jirani imetuziba dirisha, lakini joto lake linapanda ngazi mpaka mlangoni. Sisi tuko wazima. Imani ameota meno mawili ya juu na sasa anauma kila kitu, hata kisigino changu nikiwa nafua. Barasa bado yuko kwa kile kiwanda cha Baba Dogo, anatoka mtoto amelala na kurudi mtoto amelala, lakini anarudi, na hilo nashukuru. Wewe je, magoti? Na Baba? Bado anarudisha uji kama hauna ndimu? Ule mkono wake wa kushoto umeanza kushika kitu, au bado unalala mapajani kama umesahauliwa hapo na mtu mwingine?

Najua umeshangaa kuona barua na simu ipo. Lakini simu yenu inakaa kwa mke wa Wafula, na yeye akipokea lazima aweke sauti kubwa nyumba nzima isikie. Neno hili si la nyumba nzima. Vaa miwani usome mwenyewe, polepole. Usimpe akusomee.

Neno ni hili. Kama ile shali umeshamfunika Baba, mvue. Kama bado iko kwenye sindano, fumua. Usingoje hata kumaliza mstari.

Sasa nikueleze, ili usidhani jua limenipanda kichwani.

Unakumbuka uliponituma nitafute sufu huku, baada ya ule ugonjwa kumaliza kondoo wenu. Ulisema Baba hawezi blanketi za dukani, zinamtoa vipele na jasho, na asubuhi za huko mlimani anatetemeka kwenye kiti mpaka jua lifike uani. Mimi nikajiambia, Nairobi hakukosekani kitu. Mama, nimezunguka na mtoto mgongoni maduka ya uzi mpaka miguu ikafura. Kila mahali wanakuambia "sufu, sufu," ukishika unasikia mfuko wa plastiki uliosokotwa. Mmoja aliniambia, "Dada, siku hizi kondoo ni wa kuliwa tu."

Ndipo ukanielekeza kwa Mama Eliza, dadake mwenyekiti wenu wa akina mama kanisani, mwenye kibanda upande wa Majengo. Nilimpata. Aliposikia natoka wapi aliacha wateja wengine wote, akaniita "omwana wefwe," mtoto wa kwetu kabisa, akamshika Imani, akaniuliza habari zenu mmoja mmoja. Nilimweleza yote juu ya Baba, jinsi alivyoanguka shambani, jinsi upande mmoja ulivyokufa. Akatoa mfuko wa sufu ya kahawia, imechanwa tayari, imefungwa utepe mwekundu. "Hii ni ya kondoo wa kahawia wa kwetu huko juu. Shika. Mungu ananiona." Kisha akaweka mkono juu ya ule mfuko, akafumba macho, akamwombea Baba kwa jina. Nililia, Mama. Pale sokoni, watu wakipita na mikokoteni.

Nilikuwa na kibiriti mfukoni. Ulinifundisha tangu mdogo: vuta uzi mmoja, uchome. Sufu inanuka nywele, inajizima yenyewe, inaacha jivu. Plastiki inayeyuka na kudondoka. Lakini wewe ungewasha kibiriti mbele ya mama wa kanisa ambaye ametoka kumwombea mume wako? Ungemwambia, "Amina, sasa ngoja nione kama unadanganya"? Nilikirudisha mfukoni, nikabeba mfuko wangu nikaenda zangu.

Nikaanza kusokota kwa kile kijiti Baba alichonichongea. Uzi ulikuwa mbaya. Ulikuwa unateleza, unalia kidogo kwenye vidole, unatoa vinyweleo. Nilisema ni jasho la viganja, ni joto. Nilisema mikono imesahau kazi. Nikajilazimisha, na ule wa kwanza ndio nilioutuma, ambao wewe ulisema katika simu kwamba una kahawia nzuri na Baba ataupenda.

Wiki iliyopita nilikuwa nachambua fungu la pili sakafuni, Imani anatambaa kando yangu. Nikasikia anakohoa, kile kikohozi cha kitu kilichokwama. Nikamfungua kinywa. Kulikuwa na unywele nyuma ya ulimi. Nikaushika nikavuta, ukaja. Nikavuta tena, ukaja tena, mrefu, umeloa mate, mpaka nikafikiri natoa matumbo ya mtoto. Mwishoni kulikuwa na kisuko chembamba kama njiti ya kibiriti, bado kimesukwa, ncha yake imeunguzwa ili kisifumuke. Mtoto akatapika. Mimi pia.

Nilipopata nguvu nikaumwaga mfuko wote. Chini ya ile sufu nzuri ya juu kulikuwa na jino la kitana, Mama. Kulikuwa na shanga. Nikachoma kidogo, nusu ikadondoka tone jeusi la moto likatoboa karatasi, na nusu nyingine ikanuka nywele. Nikajipa moyo kwamba angalau nusu ni sufu.

Nikamwita Akinyi, jirani yangu mwenye saluni pale chini karibu na lango. Akachukua kidogo akasugua kwa vidole.

"Mama Imani, hii umetoa wapi?"

"Ni sufu ya kondoo."

"Kondoo gani huyo anasukwa? Hii ni nywele bandia ya kusukia, rangi namba thelathini na tatu. Mimi hii rangi naijua hata gizani."

Alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. "Aki wewe! Umemshonea mzee wigi!"

"Hata hii inayonuka nywele?"

"Si inanuka nywele kwa sababu ni nywele." Akaivuta kunionyesha, na pale kwenye shina kulikuwa na mba, nyeupe, bado imeshika na mafuta. Akajipangusa vidole kwenye ukuta, halafu akajipangusa tena. "Kuna jamaa hupita jioni kuchukua takataka tukishafagia. Alisema ni za kujaza mito. Mimi nikaona ananipunguzia kazi, nikawa namwekea kwa gunia." Akanitazama. "Pengine hata hizi ni za kwangu."

Mama, niliosha mikono mpaka sabuni ikaisha. Nawaza nywele za watu nisiowajua, mba yao, mafuta yao, magonjwa yao, zimefagiwa chini pamoja na mate na vumbi la viatu, mimi nikazisokota kwa kijiti cha Baba, nikakutumia umzungushie shingoni. Kwetu hata ukinyolewa unakusanya nywele zako mwenyewe usiache mtu azikanyage.

Kesho yake nilimfunga Imani mgongoni nikarudi kwa Mama Eliza. Alifurahi kuniona! "Omwana wefwe, Baba anaendeleaje? Tunaendelea kuomba." Nikamwekea mfuko mezani, nikaufungua, nikawasha kibiriti ambacho nilipaswa kukiwasha siku ile. Moshi mweusi ukapanda. Wanawake wawili waliokuwa wanachagua uzi wakarudi nyuma na kuziba pua.

"Zima! Unataka kunichomea kibanda?"

"Mama, hizi ni nywele za watu."

"Ni mchanganyiko kidogo," akasema kwa sauti ya chini, ile ya kukubembeleza. "Sufu tupu leo utaipata wapi? Kila mtu anachanganya."

"Ulijua ni ya Baba. Ulimwombea."

Akanikaribia, akanishika kiwiko kama mtu anayekupa siri nzuri. "Sasa wewe mtoto, tusemezane ukweli. Mzee mwenyewe amepooza. Atajua tofauti?"

Sikumtukana. Ulinilea vizuri na mtoto alikuwa mgongoni. Niliutoa mkono wake kwenye kiwiko changu kidole kwa kidole, nikamwambia, "Baba yangu amekufa upande mmoja. Wewe umekufa wapi?" Akaanza kupaza sauti kwamba sina adabu, kwamba wasichana wa siku hizi wakifika Nairobi wanasahau wazee wao. Alitaka kunipa mfuko mwingine ninyamaze. Nikauacha hata ule wa kwanza palepale juu ya meza yake, umefunguka.

Mama, najua mwenyekiti wenu ni rafiki yako na wewe ndiye ulinielekeza. Usijilaumu hata kidogo. Ulidanganywa kwa sala, na mimi pia, na kinachonichukiza zaidi hata ya zile nywele ni ile sala. Usiende kugombana kanisani, kwa sababu mwenyekiti huenda hajui. Lakini mtu mwingine akitaka kuelekezwa kwa yule mama, mwambie hapana, na akiuliza kwa nini, mwambie. Usikae kimya kwa kuona haya. Haya ndiyo iliyonirudishia kibiriti mfukoni.

Basi nikabaki bila kitu. Barasa akasema, "Kondoo si wanachinjwa kila siku? Ngozi zinaenda wapi?" Siku yake ya mapumziko akanipeleka machinjioni. Sitakueleza sana, usije ukashindwa kula. Damu mpaka kwenye vifundo, nzi, ngozi zimerundikwa zinafuka mvuke, na harufu inakuingia kwenye meno. Kondoo wengi walikuwa wale wa nywele fupi, hawana faida. Tulifunua ngozi moja moja mpaka tukapata chache za kondoo wa manyoya kama wenu. Wanaume pale walinicheka. "Mathe, unanyoa maiti?" Nilikata kwa mkasi wa Akinyi, na kupe wanatembea kwenye mkono wangu. Imani nilimwacha kwake saluni, lakini baada ya kufagia, nikahakikisha kwa macho yangu.

Nyumbani nililipeleka gunia la manyoya hayo juu ya paa. Maji yetu yanakuja kwa siku zake, kwa hiyo nilikuwa naweka yale ya kuosha mtoto, nikamaliza nayo sufu. Maji ya kwanza yalitoka kama mchuzi wa samadi. Msimamizi wa nyumba akapanda mbio. "Nani amechinja juu ya ploti?" Nikamwonyesha. Akasema nikimwaga hayo maji kwenye bomba la paa atanifungia mlango. Nikayashusha kwa ndoo, orofa zote, nikapanda tena. Maji ya pili yalikuwa kama chai. Baada ya hapo yakaanza kutulia, na mwisho nikaona miguu yangu ndani ya beseni. Hapo ndipo nilipojua, Mama. Ule uchafu wa kondoo, pamoja na damu na mavi yake yote, maji yanautoa. Ule mwingine uliofungwa utepe ningeufua na nini?

Sasa nasokotea juu ya paa, kati ya kamba za nguo za watu, maana ndani sioni uzi. Jua linachoma utosi, sufu inanishika jasho, mafuta ya kondoo yamenilainisha viganja kama vya mtoto. Wanawake wanaoanika nguo wananiuliza kama nafuma sweta ya kuvaa jehanamu. Nawaambia kuna mahali hapa Kenya mtu anatetemeka asubuhi hii hii. Kijiti nilikichemsha kwanza kwa maji ya chumvi. Nilisita, nikiogopa kitapasuka. Hakikupasuka. Unajua Baba alivyochagua mti wake.

Uzi uko ndani ya mfuko huu, anaokuletea rafiki wa Barasa anayekuja huko. Ni kidogo. Shali nzima haitatoka, labda ya mabega tu, mpaka nipate ngozi nyingine. Una mafundo hapa na pale, ni mahali Imani aliponiita. Ile ya zamani ukishaifumua usiichome jikoni, moshi wake ni sumu, wala usiitupe shambani. Itumbukize chooni. Ukimaliza oga, umwogeshe na Baba shingo na mabega.

Nisalimie ndugu yangu Wafula na mkewe, mwambie mkewe simu yake inasikika mpaka huku. Msalimie shangazi anayekuletea kuni, na yule jirani aliyemnyanyua Baba siku ile kutoka shambani. Barasa anakusalimu kama mkwe mwenye heshima. Imani angekusalimu, lakini anauma kalamu.

Ombi moja, Mama. Kabla hujaanza kufuma, keti karibu na Baba. Usimwambie uzi umetoka wapi, usimsifie. Mwekee ncha yake kwenye mkono wa kulia, ule mzima, asugue mwenyewe kwa muda wake. Akisita, akiurudisha kama anavyorudisha uji, niambie, nitaanza upya. Na akiukubali, mhamishie kwenye ule wa kushoto, umkunjie vidole juu yake, umwachie.

Wako, binti yako anayenuka kondoo,
Nekesa